Mzinga Usio na Baruti

Jiddah, Jumanne, Ramadhani imeshavuka nusu. Vumbi limetanda tangu asubuhi na jua limepita kutwa nzima bila kuonekana sawasawa. Midomo imekauka. Moyo nao si mwepesi, ila umetulia kuliko jana.

Nimeumaliza mzinga.

Nilidhani siku nitakayoumaliza nitafurahi. Nimeuweka mezani, nimeupangusa mafuta, nimeutazama, kisha nimeosha mikono nikaanza kuandika hapa.

Kwa anayeusoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mchana natengeneza majokofu ya watu, hiyo ndiyo riziki. Chuma ni mapenzi tu. Tunakaa Al-Baghdadiyah, ghorofa ya juu kabisa, na kwenye paa kuna kijumba ambacho majirani wangefugia njiwa. Mimi nimeweka humo kerezo, ile mashine inayozungusha chuma ukakichonga kama mti, pamoja na jiliwa la kubania chuma na tupa zangu. Nimekwishachonga vinu vya iliki, vitasa, na miguu ya kitanda cha binti yangu Salma. Mke wangu Zuwena anaiita kerezo mke mwenzie, na kuna siku hasemi kwa utani.

Mzinga wenyewe ni mfupi, mdomo mpana, umekaa kitako unatazama juu. Ukubwa wake haupiti kinu cha kutwangia thomu. Mwili ni chuma cha ekseli ya gari niliyoipata kwa wauza vyuma chakavu, na kiunoni nimeuvisha pete za shaba kwa sababu nimeshindwa kujizuia.

Nikiri jambo moja. Huu mzinga nilikuwa nautaka kabla Baba hajautaja. Kwa miaka nimekuwa nikitazama picha za watu wa nchi nyingine wanaojitengenezea vizinga vidogo vya kupigia sikukuu, na roho ikinitoka. Baba aliponipa sababu, niliidaka haraka mno.

Baba alizaliwa Unguja, akaletwa huku bado kijana na wazee wake, baada ya mapinduzi. Anasema kwao magharibi ya Ramadhani ilikuwa ikipigwa mzinga, na asiyeusikia kwa sikio aliusikia kwa kifua. Sasa masikio yake yamekwisha. La kulia limebaki na chembe, ukipiga kelele karibu. Lifti ya jengo imekufa siku nyingi na magoti yake hayashuki ngazi, kwa hiyo msikitini haendi. Anachoweza ni kupanda vile vidaraja vichache kutoka kwetu hadi kwenye paa.

Ana sukari pia. Daktari alimkataza kufunga tangu Shaabani. Baba alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akarudi nyumbani akanuia.

Tulikuwa tukienda vizuri. Adhana ikitoka, mmoja wetu anamgusa bega, anafungua. Mpaka wiki iliyopita alipokuja shemegi yangu Haroub, ndugu yake Zuwena, anayekaa Manfuha kule Riyadh. Riyadh jua linawatangulia kuzama kwa karibu nusu saa. Haroub aliingia na simu yake, akaiacha juu ya mto pembeni ya Baba, akaenda kutawadha. Simu ile bado ilikuwa ikihesabu magharibi ya Riyadh. Ikawaka, ikatoa adhana yake na picha ya msikiti. Baba hakusikia kitu, lakini ile picha anaijua. Akapiga bismillahi.

Tulipotoka jikoni na sufuria la uji tulimkuta ameshakula tende na maji ameshamaliza. Akatwambia, "Njooni basi, futari inapoa."

Zuwena ndiye aliyekwenda kufungua pazia, na jua likaingia mpaka miguuni kwa Baba.

Sikuwa nimepata kumwona Baba analia kabla ya siku ile. Haroub alipiga magoti akamshika mikono, akamwomba radhi, na Baba akamwambia hakuna neno, siku moja inalipika. Lakini tangu hapo haguswi bega. Simu haitaki, televisheni haitaki, anasema vioo vyote vina uongo wao. Kila jioni anapanda juu na kisahani chake cha tende, anasubiri mpaka aone nyota kwa macho yake. Na wiki hii ya vumbi nyota hazionekani. Sisi tunafutari, tunaswali, tunapanda kumbembeleza, yeye bado kakaa. Jumamosi tulimkuta ameanguka ubavu kando ya tangi la maji, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Tulimpaka asali kwenye ufizi, na jirani yetu nesi akaja mbio. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama magharibi ilishaingia.

Siku iliyofuata akasema, kama mtu anayejisemea: "Ungekuwapo mzinga, ningefungua nao. Mzinga haudanganyi."

Basi nikaingia kazini kwa kerezo. Nilijua kuchimba chuma kile si kazi ya pupa. Ukikisukuma kinapata moto, ncha inakatika ndani, na umeharibu kazi yote. Nimekichimba taratibu, unywele kwa unywele, vipande vya chuma vikinirukia kifuani, na ningekuwa mwongo nikisema sikuwa na raha.

Haroub, aliyekwisharudi kwake, alisikia habari ya mzinga akanipigia kutoka Riyadh. Makosa yake yanamuuma. "Shemegi, baruti niachie mimi," akasema. "Manfuha hakikosekani kitu."

Sikumjibu ndiyo. Sikumjibu hapana vilevile, na hilo ndilo linalonitia haya.

Zuwena aliyasikia. Alingoja nimalize simu, akaniwekea chai ya daku mbele yangu, akakaa.

"Baba Salma, sisi hapa tunaishi kwa kibali, kwa ikama," akasema. "Ukilipua baruti Baghdadiyah, kafili aliyetudhamini hatokuja kukuuliza ulikuwa unamfutarisha nani. Halas, tutarudishwa sote. Na baba yako tutamrudisha kwa nani?"

Mtu aliyezeekea nchi isiyomwandika uraia, ukimtoa huko unampeleka kwa wageni.

Jana nilikuwa nimebakisha tundu moja tu, lile dogo la nyuma la kuwashia. Niliufunga mzinga kwenye jiliwa, nikatia alama, nikaishusha keekee ya kutobolea mpaka ikagusa chuma. Nikasimama hapo. Pasipo tundu lile, mzinga ni kinu. Nikaizima keekee, nikafagia vumbi la chuma, nikashuka kulala. Leo nimeung'arisha hivyo hivyo, bila tundu, na huo ndio mwisho wa kuutengeneza.

Lakini nilikuwa na hila yangu moja. Chuma kizito kikipigwa hutetemeka, na mikono ya Baba haijafa kama masikio. Jioni hii nikauweka mbele yake juu ya kigoda, nikamshikisha viganja vyote viwili ubavuni mwake, nikamwonyesha nyundo, nikamwonyesha upande wa msikiti. Alielewa. Akazipapasa zile pete za shaba kwa dole gumba na akatabasamu, na mimi nikaona nimeshashinda.

Adhana ikatoka msikiti wa karibu, na mingine ikafuata. Nikapiga.

Vidole vyake viliruka. Nikayaona machozi yanamlengalenga na yangu pia yakaja. "Mzito," akasema. Kisha akaiondoa mikono, akaiweka mapajani, akageukia magharibi ambako hakukuwa na kitu ila vumbi. Tende zimekaa kisahanini.

Nikapiga tena.

"Nimeusikia," akasema. "Na wewe umeambiwa na nani?"

Nikainama kwenye sikio lake la kulia nikapiga kelele kwamba ni adhana, adhana ya msikiti wetu, nimeisikia mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa adabu ileile aliyomsikilizia daktari.

Nilikasirika. Naandika kama ilivyokuwa. Nilitaka kuutupa ule mzinga barabarani. Siku mbili hizi nimetengeneza kitu cha kumsikilizisha, na kusikia kumbe hakukuwa shida yake. Alikuwa hatuamini tena, sote, na kwa hilo hakuna kerezo. Nikaliona jasho kwenye paji la uso na nikajua sukari inashuka.

Chini wameshafungua, nasikia vijiko. Mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Nikaiweka nyundo, nikakaa mkekani ubavuni kwake, nikaelekea kule kule anakoelekea. Sikuwa na mpango wowote. Nilichoka tu.

Ikakimiwa swala msikitini. Imamu akaanza kusoma. Baba akanigeukia.

"Mbona huli?"

"Nakusubiri wewe," nikamwambia sikioni.

"Futari haicheleweshwi. Kula."

"Tutakula pamoja, Baba."

"Unanitia dhambini, mwanangu."

Akaitazama ile mbingu ya vumbi, akanitazama mimi, midomo yangu iliyokauka, mikono yangu yenye weusi wa chuma. Akachukua tende. Akaitoa kokwa, polepole, maana vidole havimtii. Nikadhani anakula. Akanyoosha mkono akanitia mimi mdomoni kwanza, kama alivyokuwa akinilisha nilipoanza kufunga nikiwa mdogo. Kisha akachukua nyingine, akaomba dua yake, akala.

Nililia na tende mdomoni. Sijui kama aliniona au alijifanya hakuniona.

Nimekaa naifikiria tende ile tangu hapo. Mtu anayeogopa kuiharibu saumu yake hathubutu kuiharibu ya mwanawe. Kwa hiyo pale aliponyoosha mkono alikuwa ameshakubali kwamba magharibi imeingia, na aliyemwambia ni mimi. Tukaletewa uji, akamaliza bakuli zima. Aliposhuka aliniegemea, akalalamika kwamba sambusa zimepoa.

Nimemtumia Haroub ujumbe kwamba habari ya baruti aisahau kabisa, wala asiitaje kwenye simu. Zuwena anautaka mzinga kwa thomu, na huenda akaupata, ingawa pete zile za shaba zinaniuma.

Kesho nitapanda mapema na maji na tende za watu wawili. Nyundo nitaiacha chini.