Kofia Mkononi, Mlangoni kwa Neema

Mama Tumaini mpenzi,

Joto la Tanga linakutendeaje? Huku Mbeya baridi imenivalisha koti jeusi mchana kutwa, na koti hilo limenitia aibu.

Mwanetu Tumaini, kwa kuwa naye ni mke wa mwanajeshi, huwakusanya wenzake kila Jumamosi wakapike kwa yule ambaye mumewe yuko mbali. Jana ilikuwa zamu ya Neema, binti mdogo ambaye mumewe analinda amani ng'ambo. Niliwafuata bila kupiga simu. Nikavua kofia, nikasimama mlangoni kimya, kama nilivyolelewa Iringa kabla maisha hayajanihamisha.

Neema aliponiona, sufuria ya ndizi ilimponyoka. "Sema tu, Baba. Amekufa?"

Nami, badala ya kujibu, nikaanza kutafuta maneno ya heshima! Tumaini ndiye aliyepaza sauti toka jikoni: "Neema, huyo baba yangu! Kafuata ndizi!"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mzee, kwetu wake wa wanajeshi mgeni hupiga kelele tangu barabarani. Anayekuja kimya, koti jeusi mwilini na kofia mkononi, ndiye mleta msiba."

Neema hakucheka. Niliziokota ndizi sakafuni nisiweze kumtazama usoni.

Tulipoagana alinivisha kofia yeye mwenyewe. "Urudi Jumamosi, Baba. Ila uje unaimba."

Nitaimba, ingawa sauti yangu unaijua. Nawe siku nikirudi, utanisikia nakuita tangu kwa jirani. Ujitunze mpaka hapo.

Wako, Baba Tumaini