Boksi Ndani ya Chuma

Kaka yangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Goti la mama limepunguza kuuma, na paa la jikoni halivuji tena.

Leo nimelipandisha juu ya magogo lile gari la jipu ulilomwachia mama, nikaanza kuigonga fremu, chuma cha chini kinachobeba gari, kwa nyundo kama baba alivyotufundisha: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Upande anaokaa mama kikanyamaza. Nikagonga tena, kichwa chote cha nyundo kikazama. Mungu wangu! Chini ya ile rangi nyeusi hapakuwa na chuma, kaka. Palikuwa na pati, ile ya kuzibia matundu kabla ya rangi, na nyuma ya pati boksi la viatu vyangu vya harusi, limekunjwa vizuri kabisa. Nilikaa chini palepale. Na kila wiki nampeleka mama hospitali kwa mteremko ule!

Mama akachungulia. "Kuna nini, mwanangu?"

Nikalificha boksi nyuma yangu, nikaendelea kugonga. Akacheka. "Wewe nawe kwa wasiwasi! Hilo kalichomelea kaka yako kwa mkono wake, halina neno."

Nimekata pote palipooza na kuchomelea chuma kipya. Mama sijamwambia.

Ila nijibu hili moja tu. Siku unaondoka nilishaliwasha jipu nikupeleke mjini, ukabeba mizigo yako mwenyewe, ukasema hutaki kunisumbua. Ndiyo maana ulipanda basi?

Nangoja,
Mdogo wako wa kike