Mwanangu Amenisalimia kama Mgeni

Jumapili, Bariadi. Kumekucha na mawingu lakini mvua haikunyesha. Niko peke yangu katika steshenari ninapofanya kazi. Mlango nimeurudishia, sitaki mtu aone macho yangu.

Jana nilikwenda Maswa kumwona Minza, mwanangu.

Kwa asiyenijua: niliolewa Maswa. Tundu la kulia la pua yangu lilianza kuziba nikiwa na mimba, nikadhani ni mafua. Siku hizi maduka ya dawa ya watu binafsi yapo kila kona, basi nikawa nabadilisha matone tu. Haya yakishindwa, nanunua mengine. Minza akazaliwa nisijue hata mtoto mchanga ananukiaje. Alipoanza kutembea, shavu langu lilikuwa limeinuka, jicho limesukumwa, na puani kunatoka uchafu unaonuka. Mimi siusikii. Wengine wanausikia.

Mama mkwe akasema nimerogwa, na mtoto ataambukizwa. Mume wangu ni wakala wa kampuni mojawapo ya hizi zilizoruhusiwa kununua pamba, mtu wa kupokea wageni kila siku. Hakubishana na mama yake.

"Nenda kwenu ukapone kwanza," aliniambia. "Mtoto abaki."

Kaka yangu wa Mwamanyili ndiye aliyenipeleka hospitali Mwanza. Nikapigwa picha ya kichwa, wakakata kinyama kidogo puani wakakipima. Nilisubiri majibu nikiwa nimeshajizika moyoni.

Daktari, mama mmoja mpole, alinikalisha karibu naye. "Si saratani, mwanangu. Ni uvimbe ulioota kwenye ngozi laini ya ndani ya pua. Hauambukizi, wala hakuna aliyekuroga. Lakini ukikatwa juu juu hurudi, na mara chache hugeuka ukawa saratani. Tutautoa pamoja na pale ulipoota, halafu utakuwa unakuja tukuangalie."

Ulikuwa umeingia hadi kwenye uwazi wa mfupa wa shavu. Walipasua pembeni ya pua, na nimebaki na kovu kutoka kona ya jicho mpaka kwenye tundu. Kidonda kilipopoa, harufu zikaanza kurudi moja moja. Nililia siku niliyosikia sabuni ya kufulia.

Tangu hapo nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kumnusa mwanangu.

Jana alinipokea Kabula, mke aliyeolewa baada yangu. Ningependa awe mtu mbaya. Si mbaya. Minza alikuwa ameishika kanga ya Kabula.

"Minza, msalimie mama yako."

Mtoto akalitazama kovu langu, kisha akapiga goti kama wanavyofundishwa kuwaamkia wageni. "Shikamoo."

Kwa adabu kabisa.

Nilimwinua nikamkumbatia. Nywele zake zinanukia mafuta ambayo sikumpaka mimi. Akaanza kujinasua mikononi mwangu, analia, "Mayu, mayu." Kwetu Usukumani hivyo ndivyo tunavyomwita mama. Alikuwa anamwita Kabula.

Baba yake akatoka ndani. Aliongea huku anatazama chini. "Kama umepona, mchukue. Sikukatazi."

Haya ndiyo maneno niliyokuwa namwomba Mungu wodini. Nguo za mtoto nilikuwa nazo kwenye mfuko, nimezinunua kwa kukisia kimo chake.

Nikashindwa. Minza alikuwa anatetemeka. Nilimkabidhi kwa Kabula kwa mikono yangu mwenyewe, na papo hapo akanyamaza.

Naona aibu kuandika hili. Ndani ya basi nilitamani daktari angeniambia ni saratani, nife bado nikiamini kwamba huko Maswa kuna mtoto ananililia.

Nimeandika, sifuti.

Leo nimejiuliza tangu asubuhi: nilikwenda kumchukua kwa ajili yake, au kwa ajili yangu? Ninachojua ni kwamba siwezi kumfanyia Minza kama nilivyofanyiwa mimi, kuondolewa nyumbani siku moja bila kuelewa kosa.

Nitakwenda tena Jumamosi, na Jumamosi ya baada ya hiyo. Wakati naondoka Kabula alinisindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni. Akaniambia Minza huogeshwa jioni kabla jua halijazama, na nikiwahi, nimwogeshe mimi.

Nitawahi.