Karani wa Chip ya Zamani

Jumatatu, 4 Novemba

Kompyuta yangu imekufa, safari hii kweli. Fundi wa mtaani kanibadilishia nyingine, imetumika, ina chip, yaani ubongo wake, ya aina mpya. Inafunguka kwa kidole, kama mlango wa tajiri! Nimehamisha kila kitu kama kilivyokuwa, kama mtu anayehama nyumba na kubeba hadi takataka.

Kisha nikafungua programu niliyoiunda mwenyewe ya kuhesabu makasha ya samaki. Kimya.

Ijumaa mama wa ofisi ya stoo anataka kuiona. Akiipenda natoka chumba cha barafu, nakaa mezani. Asipoipenda, ni barafu mpaka mkataba uishe. Na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeanza kubadilika rangi. Sijamwambia mtu. Mrefu, mwenzangu wa chumba cha barafu, alimwonyesha nesi vyake — wiki hiyo hiyo wakamkatia mkataba, wakamrudisha kwao.

Jumanne, 5 Novemba

Nimetoka zamu, sijalala. Shida ni Karani. Ndivyo ninavyoiita ile programu inayoingia mtandaoni kuniletea programu nyingine na kuzipanga. Nikimwagiza chochote ananijibu: aina ya chip siyo. Nimejaribu kumsasisha — hataki. Nimezima, nimewasha. Hataki.

Kinyozi, wa kitanda cha juu, kachungulia. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila wewe bwana hata uhunzi wenyewe uliuacha darasa la saba. Nikamwambia akanyoe watu.

Mke wangu kapiga, kwa video. Mkono nimeuficha chini ya blanketi. Kaniuliza mbona simtazami usoni, au hiyo kompyuta ndiyo mke mwenzake? Nikasema ndiyo, na ana kiburi kukushinda. Kacheka mpaka kakohoa. Mkono ulinipwita muda wote.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeelewa! Karani si mgonjwa. Kosa ni langu, nilimbeba kutoka mashine ya zamani. Aliumbwa kwa chip ile, na kila alichowahi kuniletea kimo kwenye kabati lake, yaani folda yake, nacho ni cha chip ile ile. Hapo hakuna cha kutibu. Ni kumfuta yeye na kabati lake, kuweka mpya mahali papya.

Nimefuta. Roho iliuma kama nafukuza mtu kazi.

Mpya anatii. Kaleta vyote isipokuwa kimoja, kile kinachosoma lebo za makasha. Kwa chip hii hakipo kilichokwisha tengenezwa; lazima mashine ikijenge yenyewe, polepole. Ikakwama katikati, kumbe kuna zana nimesahau. Nimeiweka. Kabla sijaanza upya umeme wa bweni ukakatika, na mtandao nao. Nitamalizia ofisini.

Naenda zamu. Glavu bado mbichi.

Ijumaa, 8 Novemba

Benchi la nje ya ofisi. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa kuku.

Mama wa ofisi alinipokea vizuri. Nikamweleza kimebaki kipande kimoja, akasema haya kaka, endelea, sina haraka. Nikaagiza. Mashine ikaomba ruhusa: weka kidole. Nikaweka. Hakitambuliki. Nikakifuta kwenye suruali, nikaweka tena. Hakitambuliki! Mjinga mimi — nenosiri lipo, ningeandika tangu mwanzo.

Nikaandika. Ikaanza kujenga. Lakini yeye hakuwa anatazama skrini tena. Akasema, hebu nione huo mkono.

Nikasema ni wino wa lebo tu, mama.

Akavishika vile vidole. Niliona amevishika. Sikuhisi.

Akaniambia nikae nje kidogo. Nesi kapita hapa na kiboksi chake, kaingia ofisini. Kupitia kioo cha mlango naiona kompyuta yangu mezani, mistari inapanda, inapanda. Ikimaliza itasoma lebo, naijua. Hakuna anayeitazama. Mama na nesi wote wawili wameinamia faili langu.

Mistari imesimama. Imemaliza au imekwama — toka hapa sioni. Nikiinuka wataniona.

Nesi kashika kitasa —