Salamu za Mtu wa Ng'ambo

Mabatini, Mwanza
Jumatano, 14 Mei 2025

Mdogo wangu Gladness,

Mwangaluka. Naanza na goti lako, maana nikikuuliza hali utaniambia hujambo huku umelikunja kwa maumivu. Je, limepata nafuu, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Roza, mwanao wa kulea, na watoto wake hawajambo? Mimi sijambo kwa kiwango cha mtu wa miaka sabini na tatu. Presha inapanda na kushuka bila kuniuliza, na jicho la kulia linaona watu kama wamesimama nyuma ya chandarua. Mama Alexander anakushukuru kwa sato wakavu uliotutumia. Ameniambia nikuandikie kwamba wamekwisha, lakini niandike kana kwamba wazo ni langu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu yako, mdogo wangu, ni mali ya umma. Nikituma ujumbe wa sauti, Roza ndiye anayeufungua, na mnausikiliza wote jikoni mpaka jirani anajibu. Kwa hiyo hii nimempa Jonathan, katekista wenu, aliyekuja mjini kununua mishumaa ya kanisa. Anarudi Nansio na meli ya kesho, na ameahidi kukukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nimesikia kwamba Jumamosi unapokea wageni. Odongo anakuja na wazee wawili, na umeshafua vitambaa vya makochi. Kabla hujakamata kuku, kuna jambo unapaswa kulijua. Lakini nivumilie nikueleze kwanza mkutano wetu ulivyokuwa, kwa sababu wewe umeusikia kwa mdomo wa Odongo tu, na Odongo anapenda kupunguza sehemu ambazo hayumo.

Wana-Ningu, sisi tuliobaki wa klabu ile ya muziki, tulikutana Nyegezi nyumbani kwa Selina, yule aliyekuwa nesi. Tulifika kumi na saba. Mwaka juzi tulikuwa ishirini na sita. Alexander alinifungia mashine ya santuri kwenye gari, na santuri ishirini hivi ambazo panya na wajukuu hawajazimaliza. Wazee walivaa. Suruali za pekosi zilitoka masandukuni, nyingi zikafungwa kwa pini pale kifungo kilipogoma. Mihayo alikuja na raizoni zake zilezile, viatu vya visigino virefu vya mwaka sabini na tatu, na kwenye ngazi mbili za Selina ilibidi ashikwe mikono yote miwili kama bibi harusi. Tulipiga muziki wa soul, tukacheza bugi la kukaa. Ni bugi lilelile, ila miguu imepewa likizo.

Selina alikuwa na daftari kubwa. Alisema kila mtu aseme anachokumbuka kuhusu Klabu ya Ningu, yeye aandike, wajukuu waje wasome. Basi wakakumbuka. Mlango ulikuwa wa kijani, hapana, wa bluu. Sakafu ilikuwa ya mbao, hapana, saruji iliyopakwa nta. Mzee mmoja alikumbuka kwamba mwimbaji mweusi kutoka Amerika alikuja Ningu mwenyewe, akala samaki furu wa kukaanga, akawasifu. Watu watatu wakasema ndiyo, nao walikuwepo. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine kila Jumapili ya Mungu, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, na Mmarekani pekee niliyemwona alikuwa kwenye jalada la santuri. Selina aliandika. Nilimwambia taratibu kwamba hilo halikutokea, akanijibu kwamba walioliona ni wanne na asiyeliona ni mmoja.

Walichokubaliana wote ni vikaratasi vya salamu. Wakaimba sifa zangu, mpiga santuri, jinsi nilivyokuwa nasoma salamu kabla ya kila wimbo: fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani, ujumbe wake huu. Wakakumbushana na masharti yake. Mtumaji aliruhusiwa kujipa jina la kupanga, na hakujitokeza siku hiyo. Nami kabla ya kusoma nilimnong'oneza msichana kwamba kuna salamu zake, nisome au nisisome. Akikubali, nilisoma. Akikataa, kikaratasi kilinyamaza, mtumaji akaelewa kwamba hatakiwi, na adabu ilimkataza kuuliza sababu. Selina alisema vijana wa leo wangekuwa na adabu ile wasingetukanana kwenye simu. Watu wakaitikia kwa nguvu.

Hapo ndipo Odongo aliposimama. Hujamwona miaka hamsini, kwa hiyo nikueleze: mrefu bado, kichwa chote cheupe, na afro imebaki pembeni kama uzio wa shamba lililovunwa. Alisema kwa sauti ya utaratibu kwamba Mtu wa Ng'ambo alikuwa yeye. Aliyekuwa akimsalimu Gladness Shigela wa benchi la dirishani mwaka mzima wa sabini na nne alikuwa yeye, akivuka ziwa kila Jumapili kutoka Kamanga, alikokuwa akiishi kwa mjomba wake mnunuzi wa pamba, raizoni amezibeba kwenye mfuko zisilowe. Akasoma ujumbe kwa kichwa, ule wa upepo wa ziwa kupita dirishani kwako kabla ya kumfikia yeye. Akasoma na mwingine, kuhusu ndege, ambao haukuwahi kusomwa Ningu siku yoyote. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema mkewe amefariki miaka sita sasa, na akipewa ruhusa angependa kwenda Nansio kuyasema kwa mdomo aliyoyasema kwa karatasi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Namba yako alipewa palepale, na watu wanne.

Baadaye Selina akasoma majina ya marehemu wetu. Ni orodha ndefu, nami nilikuwa nasikiliza nusu nusu, mpaka akafika kwa Obedi Masele, fundi redio aliyekuwa akitutengenezea spika, aliyefariki Geita mwaka wa kumi na sita, ameacha mke na watoto watano. Mihayo, ambaye enzi zile alikuwa mlinda mlango, akasema Obedi aliacha kuja Ningu ghafla baada ya kukataliwa na msichana. Alimpelekea kikaratasi, hakikusomwa. Selina akauliza msichana gani. Mihayo akasema jina limempotea. Watu wakaguna kwa huruma ya kicheko, Selina akaandika, tukaenda kula.

Sikula. Na sasa naandika lile ambalo karatasi hii imenunuliwa kwa ajili yake.

Gladness, Mtu wa Ng'ambo ni mimi. Si Odongo, wala si kijana yeyote wa Kamanga. Ni mimi kaka yako, kuanzia kikaratasi cha kwanza cha Februari hadi cha kumi na tisa.

Ulikuwa unakaa kwenye benchi lile, mguu wa kushoto umeuficha chini ya gauni, na kila Jumapili majina ya wenzako yanatajwa, lako halitajwi. Vijana walikuwa wajinga. Waliona mguu uliopooza, hawakumwona mtu aliyekuwa anaweza kumcheka mchezaji mpaka akasahau hatua. Tukirudi nyumbani ulikuwa huniongeleshi njia nzima. Ningependa kusema nilifanya kwa huruma tupu, lakini nimechoka kukudanganya: nilitaka pia kutembea na mdogo wangu anayeongea. Jumapili ya kwanza nilipokunong'oneza kwamba kuna salamu zako, uliniuliza mara mbili kama nina hakika ni zako. Njiani uliongea mpaka tukapitiliza nyumba yetu. Nikasema moja zaidi haitadhuru.

Ni wewe uliyeamua kwamba ni Odongo. Uliniuliza, nami nikajibu kwamba mpiga santuri hatoi siri. Lilikuwa jibu la mwoga, na wewe ulilichukua kuwa ndiyo.

Ingeishia hapo ningekuja Nansio tukacheka. Jumapili moja ya Oktoba Obedi alimaliza kukaza nyaya za spika, akafuta mikono kwenye suruali, akanipa kikaratasi. Kilikuwa chako. Hakujipa jina la kupanga, aliandika lake. Nilikisoma moyoni nikaona kazi imeniangukia. Ukimkubali, atakuja karibu yako, mtaongea, na wiki ya pili mtaanza kutafuta Mtu wa Ng'ambo ni nani. Ukimkataa kwa ajili ya Mtu wa Ng'ambo, nitakuwa nimekukosesha mtu mwenye nyama na mifupa kwa ajili ya hewa. Nikakichomeka ndani ya jalada la santuri, nikajiambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata alisimama karibu na mlango tangu saa nane mpaka tulipofunga. Iliyofuata, vilevile. Hakuniuliza, kwa sababu hairuhusiwi kuuliza. Ya tatu hakuja, na spika ilipokorofisha tulitafuta fundi mwingine.

Wewe hukumkataa mtu. Hukuulizwa. Nataka hilo ulisikie kutoka kwangu kabla Mihayo hajakumbuka jina.

Tena, mwaka wa sabini na sita, shangazi alipomleta yule mwalimu wa Magu, nilikuwa mlangoni nilipokusikia ukimwambia mama kwamba wewe umeshasalimiwa, unangoja. Ningeweza kuingia nikasema. Nilikwenda dukani kununua sigara. Mwaka uliofuata ukapangiwa kufundisha Nansio, nikakusindikiza gatini, nikakupungia mkono, na meli ilipogeuka nilishusha pumzi. Hilo linaniuma kuliko vikaratasi vyote. Naona aibu, Gladness, na aibu ya uzeeni ni mbaya kwa sababu haina mahali pa kukimbilia.

Odongo hajui lolote. Sidhani kama anadanganya. Ameyasikia maneno yale ujanani, yakamkaa, na miaka imemwambia ni yake, kama ilivyowaambia wale wanne kuhusu Mmarekani. Ni mtu mzuri, hanywi, ana ng'ombe huko Mara, na magoti yake ni mazima kuliko yako. Ukimpokea, kwangu hatasikia neno. Ukimrudisha, mwambie kosa ni la kaka yako, nami nitapanda meli nije nimweleze mwenyewe mbele ya wazee wake. Nilichoshindwa ni kukuacha useme ndiyo kwa maneno yangu ukidhani ni yake.

Msamaha sikuombi kwa barua. Nitakuja kuuomba nikiwa nimesimama mbele yako, ukinipa siku. Usiponipa, nitaelewa.

Nisalimie Roza na watoto wote. Jonathan mpe chai, maana nimemsumbua na yeye ana mishumaa yake. Alexander anakuamkia shikamoo. Mama yake anakusalimu pia, hajui ninachokuandikia. Mungu akulinde na akupe usingizi wa usiku huu.

Chini ya jina langu nimebandika kikaratasi cha Obedi, kilikuwa bado ndani ya jalada lilelile. Penseli imefifia sana, kwa hiyo nimekinakili pembeni kwa wino, na nimekianza kama nilivyotakiwa kukianza siku ile.

Ni mimi kaka yako,
Josephat Shigela

*Obedi Masele, fundi redio, anamsalimu Gladness Shigela wa benchi la dirishani. Ujumbe wake: Naona huchezi. Mimi pia sijui kucheza. Naomba nije tukae.*