Ufagio wa Ijumaa

Pangani, Kibaha
Alhamisi, mwishoni mwa Septemba

Dada yangu Mwanne,

Shikamoo. Kosa wanalolifanya wengi wakirudi safarini ni kuanza na safari. Mtu hajamuuliza mwenzake ameamkaje, tayari ameshapanda ndege mara ya pili mbele yake. Basi mimi naanza na goti lako. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda kilima cha shambani kwa kushika kiuno? Na Mwanaasha, mjukuu wetu, kikohozi kimemwacha? Nijibu yote mawili, usiniandikie "tunamshukuru Mungu" ukaishia hapo kama kawaida yako.

Mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto, uliovimba kwa kukaa sana ndani ya ndege. Daktari pale hospitali ya Tumbi ameutazama, akaniagiza nilale siku tatu nimeuinua juu ya mto. Ndiyo sababu unapata karatasi badala ya mtu. Anakuletea Zubeda, jirani yangu anayeuza mihogo Kwa Mathias. Kesho Ijumaa alfajiri anapitia Kiluvya kuja Kisarawe kufuata mzigo. Jana nilikupigia simu nikueleze kwa mdomo. Ukaniuliza kama Ulaya nao wanalima mihogo, ukacheka kicheko kile cha mama, nami nikashindwa. Nikasema salio linakwisha. Salio lilikuwepo. Kuna neno nililokuficha, na utalikuta humu. Linahusu msandarusi wa mama, ule mti ambao Latifu mpasua mbao anauulizia tangu mwezi wa Ramadhani, nawe umemjibu kila mara kwamba hautakatwa maadamu wewe unapumua. Nakuomba usirukie mwisho. Wewe tangu ulipojua kusoma una tabia ya kuanza na saini.

Unajua kwamba Naila, kitindamimba wangu, ni muuguzi kwenye meli ya watalii. Waajiri wake huwaruhusu wafanyakazi, mara moja kwa mwaka, kumleta mzazi alale kwenye chumba ambacho hakikupata mteja. Meli yenyewe ni nyumba ya ghorofa kumi iliyoamua kutembea. Ina maduka, zahanati, hata mahali pa kuogelea, jambo lililonishangaza, maana bahari yenyewe iko pale chini. Kila asubuhi unaamkia nchi au kisiwa kingine, na kila mara abiria wanashuka wakifuata mtu aliyeinua kibendera, wanapanda basi la meli, wanaonyeshwa kanisa, wanaonyeshwa duka, wanarudi kula. Siku tatu nilifuata kibendera. Siku ya nne tulitia nanga Chios, kisiwa cha Wagiriki kilicho karibu sana na Uturuki, nikamwambia Naila leo ninakwenda peke yangu. Akanijibu kwamba meli inang'oa nanga saa kumi na moja jioni na haimsubiri mtu, hata awe mwalimu mstaafu wa jiografia. Nikamwambia mwalimu wa jiografia ndiye hasa asiyepotea. Akatikisa kichwa kama wewe.

Nilifanya hivi. Kabla ya kutazama kitu chochote, nilikwenda kituo cha mabasi nikauliza basi la kurudi. Lile la kwenda hujifichua lenyewe. La kurudi ndilo hulaza watu ugenini. Mama wa dirishani aliniandikia saa kwenye kipande cha karatasi, akaizungushia duara mara mbili. Nikauliza tena, watu wa kisiwa hiki wanaamka kufanya kazi gani? Akaniuza tiketi ya kijiji kinachoitwa Pirgi.

Dada, laiti ungekiona! Kuta za nyumba zote, kuanzia chini hadi dari za vibaraza, zimechorwa kwa kukwaruza lipu nyeupe mpaka rangi nyeusi ya chini itokeze: pembetatu, miraba, mwezi, maua. Nilidhani mtu ametandika mikeka yetu ya ukindu ukutani. Na kwenye vibaraza wamening'iniza nyanya kwa kamba, mafungu mekundu mazito, zikaushwe kwa ajili ya majira ya baridi. Vichochoro ni vyembamba. Nikikunjua mikono nagusa majirani wawili. Nikatembea taratibu, nikiamkia kila bibi kwa kushika kifua, nao wakaniitikia vivyo hivyo. Heshima haihitaji mkalimani.

Kwenye mkahawa wa uwanjani mzee mmoja aliiona kofia yangu, akapaza sauti: jambo! Jina lake Stamatis. Alikuwa baharia miaka thelathini, na zamani meli yao ilikaa siku arobaini Dar es Salaam ikisubiri kupakia katani. Alibaki na maneno manne ya Kiswahili: jambo, bia, kesho na bado. Alisema mawili ya mwisho ndiyo aliyoyasikia zaidi pale bandarini. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Tukaendelea kwa Kiingereza, chake cha melini na changu cha darasani. Akataka kuninunulia kileo, nikamwambia sinywi. Akaagiza glasi ya maji baridi na ndani yake kijiko chenye kitu cheupe, kizito, kitamu, cha kulamba polepole. Nilipokisogeza mdomoni, kabla hata ya kulamba, nilinusa. Dada, ilikuwa kama chetezo cha mama. Ile harufu ya chakazi, utomvu wa msandarusi, aliyokuwa akiichoma mgeni akija.

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mastiki, utomvu wa mti, na kwamba kijiji hiki na vile vya jirani vimekula, vimeoa na kusomesha watoto kwa mti huo kwa mamia ya miaka. Kama sina haraka, mke wake yuko shambani, gari lake lile pale. Nilitazama ile karatasi yenye duara. Nikaenda.

Miti yenyewe ni mifupi, imejikunja kama wazee waliokaa kusikiliza kesi. Katikati yao alikuwa bibi amevaa kitambaa kichwani, amepiga magoti, na mkononi ana ufagio. Anafagia chini ya mti. Huyo ni Despina, mke wa Stamatis. Alifagia kwa mapigo mafupi akielekea shinani, majani na vumbi vikakusanyika kwenye fungu, kisha akalichunga kwa chekeche kama unga. Nikasimama nimeduwaa. Nilikuwa namtazama mwanamke wa Kigiriki, lakini niliyemwona ni wewe.

Stamatis alinieleza, na nakueleza kama alivyosema. Majira ya joto yakianza, wanasafisha chini ya kila mti pakawa kama sakafu, kisha wanamwaga udongo mweupe. Baadaye wanachanja gome kidogo kidogo, na mti unatoa utomvu unaodondoka kama machozi. Chozi likiangukia mahali palipofagiliwa linaokotwa safi. Likiangukia kwenye takataka limepotea. Mimi, kwa elimu yangu, nikauliza kama kufagia huko ni mila au tambiko la wazee. Despina alipotafsiriwa alicheka, akajibu bila kuinua kichwa kwamba yeye hajui habari za mila. Anachojua ni kwamba asipofagia, hali chakula.

Sasa fikiria nilivyojisikia. Miaka mingapi nimekucheka? Kila Ijumaa, swala ya alfajiri ikiisha, unachukua ufagio wa chelewa unakwenda kufagia chini ya msandarusi ambao hakuna anayekaa chini yake. Nimekuita bibi afya wa majini. Nilisema mbele ya wageni wangu kwamba dada yangu anawatandikia mashetani. Nawe ulijibu neno moja tu, kwamba mama alifagia, na mama hakuwa mjinga. Hakuwa. Bibi yetu na mama yake waliokota chakazi pale, chembe kwa chembe, wakawapelekea wafanyabiashara wa pwani waliotaka sandarusi ya kutengenezea vanishi. Biashara ikafa, mnunuzi akaondoka, lakini mahali pakaendelea kuwekwa safi, ili siku mti ukitoa, pasiwe na kilichopotea. Mambo ya biashara hiyo nimeyafundisha miaka thelathini na moja. Nimeandika ubaoni "sandarusi", nimetunga maswali ya mtihani, nimewapa maksi watoto wa watu. Sikuwaambia hata mwaka mmoja kwamba mti wenyewe uko shambani kwa mama yangu Kisarawe, na kwamba dada yangu, ambaye hakupelekwa shule ili mimi nipelekwe, bado anautunza.

Kabla hatujaondoka, Stamatis alinionyesha ng'ambo ya barabara nyumba nyeupe ya kisasa. Ni ya mdogo wake, aliyeng'oa miti yake yote ajenge vyumba vya watalii. Alisema wageni wanalala kwake vizuri sana, na wakiamka wanamuuliza mdogo wake njia ya kwenda kwenye miti. Alicheka tena. Mimi sikuweza.

Basi la kurudi lilikwishaniacha, lakini Stamatis alinirudisha kwa gari lake, mimi mbele, magunia nyuma, kwa mwendo ambao sitamweleza Naila. Nilifika saa kumi na robo. Naila alikuwa amesimama ngazini amekunja mikono. Aliniambia kwamba kesho yake angenifunga kamba kama mbuzi nifuate kibendera. Niliitikia tu, maana moyo wangu haukuwepo pale.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Mwezi wa saba, kabla sijasafiri, nilitia saini karatasi ya kumruhusu Latifu aukate msandarusi. Nilitaka kiwanja pale juu, penye upepo, nimjengee Naila nyumba. Yeye hajui, wala hakuomba. Latifu alisema lazima wenye shamba wote wawili wakubali. Nikamwambia dada amekubali, nitampelekea karatasi atie saini. Sikukuletea. Nilikaa hapa mezani Pangani, nikaandika jina lako kwa mkono wangu: Mwanne Kibwana. Niliiga hata ile N yako inayoinama. Naifahamu vizuri, maana ni mimi niliyekufundisha, likizo ile nilipotoka bweni, kwa kijiti, kwenye ardhi iliyofagiliwa chini ya mti huo huo. Hatukuwa na ubao. Palikuwa pasafi, tukaandikia pale. Jina nililokupa kwa kijiti nimekuibia kwa kalamu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyimadi, aliniamini kwa sababu mimi ni Mwalimu, akagonga muhuri. Latifu anakuja Jumamosi hii na msumeno.

Jana, nilipotoka Tumbi, nilimpigia nikamwambia nafuta. Akanijibu kwa adabu: Mwalimu, karatasi ina majina mawili, la kwako umeliondoa, je, na dada naye anaondoa la kwake? Ningeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha, nawe usijue kamwe. Lakini hiyo ingekuwa kukusemea mara ya pili. Nikamwambia la dada ataliondoa dada mwenyewe. Akasema basi yeye ana kibali chenye muhuri na vibarua wake amekwishawaita.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Mguu ukipungua nitakuja mwenyewe, na utaniambia utakavyo. Uliniambia siku ya kuniaga kwamba hata nikienda Ulaya nitarudi na kichwa hiki hiki. Nimerudi nacho, dada, ila sasa kimeinama. Kijiji kizima kitajua Mwalimu Seif alifanya nini, na kijue.

Ndani ya bahasha kuna chembe saba za mastiki. Alizitoa Despina kwenye chekeche lake nilipomwambia nina dada anayefagia. Alitaka ujue kwamba ukiitafuna itakuwa chungu kwanza, usiiteme. Msalimie sana Mwanaasha, umwambie babu amemletea picha za nyumba zilizovaa mikeka. Wasalimie majirani wote wa bondeni, na Zubeda mpe maji ya kunywa kabla hajaanza habari za bei ya mihogo, maana akianza hatakunywa.

Leo Ijumaa, ukishafagia, nenda kwa Mzee Mwinyimadi na barua hii akifute kile kibali, uandike jina lako mbele yake.

Ni mimi mdogo wako,
Seif Kibwana