Bibi Kizee amewaka kwa mguu wa mwingine

Wewe, acha unachofanya usome hapa.

Leo nimempeleka Bibi Kizee, pikipiki yangu kuukuu, dukani. Wamemchukua, nikaongeza hela, nikapewa ile pikipiki mpya ya safari ndefu, yenye mabegi ubavuni na kiti kama sofa.

Unajua Bibi Kizee hawaki mpaka umlaze kushoto, umpige kofi kwenye tangi, umbembeleze. Muuzaji nilimwambia tu ana maringo, dawa yake nikaificha. Nilitaka nikae pembeni nimcheke akitoka jasho.

Sasa sikia. Hata helmeti sijavaa, akaingia dada mmoja mkunga, bado ana sare ya kazi. "Na huyu anauzwa?" Akampanda Bibi Kizee, akapiga kiki moja.

Moja. Akawaka.

Mimi miaka yote nambembeleza kama mkwe, yeye kiki moja.

Muuzaji ananigeukia, "Kaka, si ulisema ana maringo?"

Yule dada akacheka. "Maringo gani? Alidekezwa tu huyu."

Alidekezwa. Naambiwa hivyo mbele ya pikipiki yangu mwenyewe. Chuo chenyewe niliishia njiani, lakini Bibi Kizee hajawahi kuniacha njiani.

Usinicheke. Dada alipolipa akaondoka naye, nimewafuata mpaka kwenye taa za barabarani, nikajifanya njia yetu ni moja. Bibi Kizee ananguruma kwa raha zake, hata kile kikohozi chake cha kila siku hana.

Nikapiga honi. Dada akageuka, akanipungia mkono.

Wala sikuwa namwita yeye.